Kwa Miguu Katika Nchi ya Milozi

Katika nchi yetu mwaka una sehemu mbili tu: majira ya mvua na kiangazi. Mtoto wa Kivu au wa Katanga asomapo shuleni habari za majira manne ya Ulaya, huyakariri vizuri, akapata alama zake, lakini moyoni hajui ni kitu gani. Sisi walimu nasi hatukuwapita wanafunzi wetu. Miaka mingi tuliandika ubaoni kwamba huko, baada ya baridi, huja majira ya kuchipua. Tukaandika, tukafuta, basi. Hata mwaka mmoja, mwezi wa Februari, tulijaliwa kuyaona kwa macho yetu na kuyapitia kwa miguu yetu wenyewe, na leo twapenda kuwasimulia.

Tulikuwa watu watatu: walimu wawili wa Kongo, na padri mmoja kijana wa Angola aliyekuwa akisoma Lisboa, mji mkuu wa Ureno. Padri huyu ndiye aliyekuwa mkalimani wetu, maana sisi Kireno hatukijui, naye Kifaransa akijua vizuri. Kwa sababu gani, mtasikia mbele. Masomo mafupi yaliyotupeleka huko yalipokwisha, tulibakiwa na siku nane kabla ya kurudi kwetu. Wenzetu wakaenda kuona miji mikubwa. Sisi tulimwuliza padri: "Ni wapi majira ya kuchipua huanza mapema?" Akajibu mara moja: "Kusini, Algarve. Huko milozi huchanua wakati watu wa kaskazini wangali wakiota moto." Basi, tukapanda gari la moshi kuelekea kusini, kila mtu na mfuko wake mgongoni.

Nchi iitwayo Magharibi

Algarve ni jimbo la mwisho la Ureno upande wa kusini. Kaskazini yake kuna milima inayozuia upepo wa baridi. Kusini na magharibi ni bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo baridi yake si kali. Mchana wa Februari joto hufika nyuzi 16 au 17. Wageni waliotoka Uingereza na Ujerumani tuliwaona wakitembea kwa mashati tu, huku wakilisifu jua. Sisi tulivaa masweta yetu yote, kama mtu wa Lubumbashi afanyavyo asubuhi ya mwezi wa Julai. Ndipo tulipofahamu kwamba mtu akikwambia "nchi yetu ni ya joto", yafaa kwanza umwulize aliyeambiwa ametoka wapi.

Jina la jimbo hili ni neno la Kiarabu, al-gharb, yaani upande wa machweo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi: ni ndugu wa neno letu magharibi. Waarabu na Waberberi wa Afrika ya kaskazini waliitawala nchi hii tangu karne ya 8 hata mwaka 1249, na utawala wao ulipokwisha, maneno yao yalibaki. Mreno akitaka sukari husema açúcar. Zeituni huiita azeitona. Na akitumaini jambo jema husema oxalá, yaani inshallah, hata kama ametoka Misa sasa hivi.

Nasi kwa upande wetu tumeshika maneno ya Wareno, yaliyofika pwani ya Afrika ya mashariki kwa merikebu zao: meza, bendera, leso, mvinyo, nanasi. Neno padri, tulitamkalo kila siku, ni lao. Na neno gereza asili yake ni igreja, ambalo kwa Kireno maana yake ni kanisa! Lilipofika pwani lilikuja kumaanisha ngome, kisha nyumba ya wafungwa. Rafiki yetu alicheka sana tulipomweleza habari hiyo ndani ya gari la moshi. Halafu akanyamaza kidogo, akasema: "Neno hili limepita njia mbaya." Tulilikumbuka neno hilo siku ya mwisho wa safari.

Tavira, mji wa daraja

Tulianza upande wa mashariki, katika mji mdogo wa Tavira. Reli ya Algarve hufuata pwani km 140 hivi, tangu Lagos mpaka mpaka wa Hispania, na gari lake halina haraka: husimama vituo vidogo vidogo penye michungwa na kuku.

Tavira umekatwa kati na mto Gilão, na juu ya mto kuna daraja la kale la mawe lenye matao saba. Motokaa haziruhusiwi kulipita. Ni la waendao kwa miguu. Hapo ndipo mji unapokutana. Akina mama watoka sokoni na vikapu, wazee waegemea ukuta na kutazama maji, vijana wapita wakila mkate. Nyumba zimepakwa chokaa nyeupe, mapaa ni ya vigae, na makanisa ni mengi kuliko yapasavyo mji mdogo namna hiyo.

Kilichotushangaza zaidi ni mabomba ya moshi juu ya mapaa. Si mabomba ya hivi hivi. Yametobolewa na kunakshiwa kama kitambaa cha altare. Watu husimulia kwamba zamani fundi alipoitwa kujenga nyumba, alimwuliza mwenyewe: "Wataka bomba la siku ngapi?" Maana kadiri ya siku za kazi ndiyo kadiri ya urembo, na ndiyo kadiri ya malipo. Basi, mpita njia akitazama juu tu, alijua nani ana mali na nani ajikaza.

Mchana tulitoka mjini, tukashika njia ya udongo kuelekea mashamba ya chumvi. Huko bahari huingizwa katika vidimbwi vilivyochimbwa kwa mistari, jua la kiangazi hukausha maji, na chumvi hukusanywa. Wakati wa Februari kazi hiyo imelala, na vidimbwi ni vya ndege. Tuliona heroe, wale ndege wa miguu mirefu na rangi ya waridi, wakipekua matope kwa vichwa vyao vilivyopinduliwa. Tulikaa juu ya tuta saa nzima, hapana mtu aliyetufukuza wala kututoza pesa. Jua lilitupiga mgongoni, upepo ukanukia chumvi, na kwa mara ya kwanza tangu kufika Ulaya tulivua sweta moja.

Njia ya rangi mbili

Siku ya tatu tuliiacha pwani, tukapanda basi kwenda bara, mpaka kijiji cha Salir. Juu ya kilima chake mmebaki vipande vya ngome ya karne ya 12. Kuta zake ni za udongo ulioshindiliwa kati ya mbao, ukachanganywa na chokaa na changarawe. Tulipapasa udongo ule kwa mshangao. Kwetu mtu mwenye nyumba ya udongo huona haya, husema: "Nitajenga ya kweli nikipata pesa." Kumbe udongo ukishindiliwa vema na kukingwa mvua, waweza kukaa miaka 800.

Salir umo katika njia kubwa ya waenda kwa miguu iitwayo Via Algarviana. Njia hiyo yaanza Alcoutim, kwenye mpaka wa Hispania, na kwenda km 300 hivi hata rasi ya Mtakatifu Visenti, mwisho wa nchi. Alama yake ni mistari miwili, mweupe na mwekundu, iliyopakwa juu ya mawe na miti. Ukiiona, waenda sawa. Ukikosa kuiona muda mrefu, rudi nyuma. Sisi tulichagua kipande kimoja tu, kutoka Salir mpaka Alte, km 16 hivi. Tulianza saa mbili asubuhi, majani yangali na umande.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo tulipoelewa yale tuliyokuwa tukiandika ubaoni. Katika nchi ile mvua hunyesha wakati wa baridi, na kiangazi ni kikavu kabisa: Julai na Agosti huenda tone lisianguke. Basi, mwisho wa baridi ndio wakati ambapo ardhi ingali na maji na jua limeanza kupata nguvu. Kila mmea wajua kwamba nafasi ni fupi. Huharakisha kuchanua na kuzaa kabla ardhi haijakauka. Kwetu vitu humea mvua inapoanza. Kwao huchanua mvua inapokaribia kuaga.

Na katika mimea yote hakuna mwenye haraka kama mlozi. Baridi huulaza usingizi, na joto la kwanza likiugusa, huamka na kutoa maua hata kabla ya majani. Wazia mti mkavu, mweusi, wenye matawi ya kukwaruza kama mzee mwenye hasira, halafu mti huo umejaa maua meupe na ya waridi kutoka shinani mpaka ncha, na nyuki wakivuma ndani yake mithili ya watu wasalio Rozari. Upepo ukivuma, maua huanguka njiani, nawe wakanyaga weupe.

Padri alitusimulia hadithi ambayo kila mtoto wa huko aijua. Mfalme mmoja wa Waarabu, katika mji wa Silves, alioa binti wa mfalme wa nchi za kaskazini. Binti akaanza kudhoofu, asile wala asicheke, na waganga wakashindwa. Mwisho akakiri: "Naitamani theluji ya kwetu." Mfalme hakuweza kuleta theluji, lakini aliamuru milozi ipandwe vilimani kote, hata macho yanapokoma. Mwezi wa Februari alimwongoza mkewe dirishani, akamfungulia. Vilima vyote vilikuwa vyeupe. Binti akacheka, akapona. Mwenzetu mwalimu aliisikiliza hadithi hiyo kwa makini, kisha akasema: "Dawa haikuwa milozi. Dawa ni kwamba mume alimwuliza mkewe analilia nini, akasubiri jibu."

Chini ya milozi ardhi ilikuwa ya manjano tupu. Yalikuwa maua madogo yenye majani kama vipande vitatu vya moyo, maelfu kwa maelfu, kama mtu aliyetandika mkeka mpya shambani. Padri alichuma kikonyo kimoja, akakitafuna, akatupa nasi. Kilikuwa kichachu kama limau. Watoto wa huko hukinyonya wakitoka shuleni. Tulidhani ni ua la wenyeji. Sivyo: ni la Afrika ya Kusini, la nchi ya Rasi. Watu walilipeleka Ulaya, nalo likaenea kwa vitunguu vyake vidogo vya ardhini, hata wakulima hawawezi tena kuling'oa. Wageni hupiga picha za maua ya Algarve, wasijue kwamba wanalipiga picha ua la Afrika.

Na juu ya waya wa simu, karibu na nyumba moja, tuliwakuta mbayuwayu watano. Ndege hawa hupisha baridi ya Ulaya kwetu Afrika, kusini ya jangwa la Sahara, na nchi ya Kongo ni mojawapo ya makao yao. Hawa walikuwa wa kwanza kurudi. Tuliwatazama kama mtu anayekutana na jirani ugenini.

Lakini si yote yaliyokuwa ya furaha. Tulipita nyumba nyingi zilizofungwa, nyingine paa limeanguka ndani. Mashamba yenye milozi, mitini, mizeituni na miharubu hayapaliliwi tena. Lozi hupurwa kwa fito ndefu mwezi wa Agosti na Septemba, nayo ni kazi ya mikono mingi; na mikono hiyo imekwenda pwani kuwahudumia watalii, au imehamia Lisboa na Ufaransa. Milozi yachanua vile vile, hapana mwenyewe wa kuitazama. Msomaji aliyeacha kijiji cha baba yake kule Walungu au Kasenga atatuelewa.

Mzee wa chemchemi

Tulifika Alte saa nane na nusu, miguu imechoka, moyo umeridhika. Alte ni kijiji cheupe ubavuni mwa kilima, chenye chemchemi mbili, Ndogo na Kubwa. Zamani akina mama walifulia hapo na mitungi ilijazwa hapo. Tulikaa juu ya benchi la mawe, tukavua viatu, tukafungua mkate wetu.

Mzee mmoja alikuwa amekaa karibu na kikapu cha machungwa na kisu kidogo. Aliposikia Kireno cha padri alimwuliza:

"Umetoka wapi, mwanangu?"

"Angola, mzee."

"Angola sehemu gani?"

"Uíge, kaskazini."

Mzee aliweka kisu chini. Akasema kwamba wakati wake mji huo uliitwa Carmona. Alipelekwa huko kwa meli, askari wa miaka 21, wakati wa vita vile vilivyoanza mwaka 1961 na kukoma baada ya serikali ya Ureno kupinduliwa mwaka 1974. Alikumbuka udongo mwekundu na mashamba ya kahawa. Mengine aliyoyakumbuka hakuyasema, na padri hakumwuliza.

Ndipo padri alipomweleza ya kwao. Babu yake alikimbilia Kongo mwaka ule ule wa 1961, pamoja na maelfu ya watu wa kaskazini ya Angola, akitembea usiku na kujificha mchana. Mama yake padri alizaliwa ukimbizini, akasoma kwa Kifaransa. Hii ndiyo sababu padri alikijua Kifaransa. Sisi wenyewe tulikuwa hatujapata kuisikia habari hii, ijapokuwa tulikuwa naye siku tano.

Mzee alinyamaza. Halafu alichukua chungwa, akalimenya polepole, ganda likashuka kama utepe mmoja. Akaligawa katikati, nusu akampa padri.

"Mimi sikuchagua kwenda," alisema.

"Babu naye hakuchagua kukimbia, mzee."

Wakala chungwa lile kimya, na sisi tukapewa letu. Maji ya chemchemi yalikuwa yakisema peke yake. Baadaye mzee alitwonyesha kwa fimbo milozi yake ng'ambo ya bonde. Watoto wake wako Ufaransa, akasema, na lozi za mwaka jana zilioza chini. Tulipoaga alisimama, akavua kofia. Hatujui alimvulia padri kwa ajili ya upadri wake au kwa ajili ya jambo jingine. Padri aliinama, akampa mkono.

Silves, mji mwekundu

Kesho yake tulikwenda Silves. Zamani za Waarabu huu ulikuwa mji mkuu wa nchi hii; leo ni mji mdogo uliolala kando ya mto Arade, umezungukwa na mashamba ya michungwa. Februari machungwa yameiva, na harufu ya mji mzima ni tamu. Yafaa mjue kwamba Waarabu wengi huliita chungwa burtuqal, kwa jina la Ureno, maana Wareno ndio waliolieneza chungwa tamu kwa biashara yao.

Ngome na kanisa kuu vimejengwa kwa mawe mekundu, na jioni jua likitua mji huonekana kama makaa. Tulipanda kwa miguu kwa vichochoro vya mawe, tukapita chini ya kamba za nguo na vizimba vya ndege, mpaka mlango wa kanisa. Tuliingia kusali na kupumzika tu. Lakini padri alituongoza mpaka mbele ya altare, akatuonyesha jiwe sakafuni.

"Hapa," alisema, "alizikwa mfalme João wa Pili."

Mfalme João wa Pili! Huyu ndiye aliyemtuma nahodha Diogo Cão, aliyefika kwenye mdomo wa mto wetu Kongo. Na mwaka 1491, Nzinga a Nkuwu, mfalme wa Kongo, alipobatizwa pale Mbanza Kongo, alichukua jina la João kwa heshima ya huyu. João wa Ureno alifariki mwaka 1495 katika kijiji cha Alvor, si mbali na Silves. Mwili wake ulilazwa hapa hata mwaka 1499, ndipo ulipohamishiwa Batalha. Tuliyasoma mambo haya shuleni, yakiwa majina na tarehe tu. Sasa tulikuwa tumesimama mbele ya jiwe, viatu vyetu vimejaa vumbi la njia ile ile.

Mwana wa Nzinga, Mvemba a Nzinga, aitwaye Afonso, aliwapeleka vijana wa Kongo kusoma Ureno. Mmoja wao alikuwa mwanawe Henrique, naye mwaka 1518 aliteuliwa kuwa askofu. Ujue basi, mwanafunzi usomaye habari hii: zaidi ya miaka 500 iliyopita mtoto wa Kongo alikuwa akihangaika na sarufi ya Kilatini kama wewe, katika baridi kama ile tuliyoihisi sisi, wala sweta la kisasa hakuwa nalo.

Lagos, mwisho wa njia

Siku ya mwisho gari la moshi lilitufikisha Lagos. Ni mji mzuri. Una kuta nene, bandari tulivu, magenge ya rangi ya asali juu ya bahari, na Februari watu si wengi. Tulizunguka kuta zake asubuhi nzima. Kisha tulifika uwanja ambapo kuna sanamu ya mwana wa mfalme Henrique, aitwaye Baharia, ametazama bahari. Kando ya uwanja kuna nyumba ndogo yenye matao. Watu wa Lagos huiita Soko la Watumwa, na tangu mwaka 2016 ni makumbusho ya habari hizo.

Tarehe 8 Agosti 1444 watu 235 walishushwa hapa Lagos kutoka merikebu. Walikuwa wametekwa katika pwani ya nchi iitwayo leo Mauritania. Waligawanywa uwanjani mbele ya watu wa mji, na Henrique mwenyewe alikuwapo juu ya farasi, akachukua fungu lake, moja katika matano. Mwandishi wa mfalme, Zurara, aliandika jinsi mama walivyotenganishwa na watoto na jinsi vilio vilivyojaa, hata yeye mwenyewe akashikwa na huzuni. Lakini hakuandika kwamba jambo lile likomeshwe.

Mwaka 2009, watu walipokuwa wakichimba mahali pa kuegesha motokaa nje ya kuta za Lagos, waligundua mifupa ya Waafrika zaidi ya 150, wanaume, wanawake na watoto. Walikuwa wametupwa pamoja na takataka za mji, wengine wakionekana kwamba walifungwa kamba.

Tulitoka ndani ya nyumba ile bila kusema neno. Nje, jua lilikuwa zuri mno. Mtoto alikuwa akipanda baiskeli kuzunguka sanamu, na juu ya ukuta mmoja mlozi ulikuwa ukidondosha maua. Mwenzetu mwalimu aliona hasira. Alisema: "Tumefurahia nini siku hizi zote? Tumesifu maua ya nchi iliyotuuza." Mimi na padri hatukuwa na jibu la haraka, na jibu la haraka lisingefaa.

Tulitembea mpaka kwenye magenge, tukakaa. Baada ya muda mrefu padri alisema: "Mwaka 1526 mfalme Afonso wa Kongo alimwandikia mfalme wa Ureno kumlalamikia biashara ya watu iliyokuwa ikiimaliza nchi yake. Wote wawili walikuwa Wakristo, wote wakiitana ndugu. Aliyekuwa na barua hakuwa na merikebu. Ninyi mliniambia neno igreja lilifika kwenu likawa gereza. Nami nawaambia, halikuharibikia njiani. Liliharibikia hapa, kabla ya kupanda merikebu."

Kisha akaongeza: "Lakini ua lile la manjano ni la Afrika, na chungwa la yule mzee lilikuwa tamu. Sitaki kukikana hata kimoja, si hiki wala kile."

Mwenzetu hakujibu. Ila jua lilipoanza kushuka, aliinuka wa kwanza, akasema: "Twendeni tena kwa miguu. Nataka kupaona mahali walipotupwa." Tukaenda. Tulisimama pale, tukasali kwa ajili ya watu ambao majina yao hakuna ayajuaye, tukarudi kituoni gizani.

Neno kwa wasomaji

Twawaandikia haya si kwa kuwa kila mtu aweza kwenda Ureno. Wengi wetu nauli ya kwenda mkoa wa jirani ni shida. Twawaandikia kwa sababu ya miguu. Mtu apitaye kwa motokaa angaliona Algarve kuwa maua na bahari. Na mtu asomaye tu angaliona kuwa ni watumwa na tarehe. Sisi tulikwenda polepole, tukayapata yote mawili njiani, na mzee wa Alte kati yake. Mtu asipende nchi kwa kuficha ubaya wake, wala asijue ubaya wake kwa kuukataa uzuri wake. Anayekwenda kwa miguu hawezi kuchagua. Hukutana na kila kitu.

Tulirudi Bukavu mwisho wa mwezi ule. Mbayuwayu wengine walikuwa wangali juu ya nyaya karibu na shule, kwa kuwa safari yao ya kaskazini ilikuwa haijafika. Tuliwaonyesha wanafunzi, tukawaeleza ndege hawa wanakokwenda, na mti gani huwa umechanua huko kabla hawajafika. Safari hii hatukuandika kitu ubaoni.

Na Jumamosi iliyofuata tuliwachukua watoto wa darasa la sita, tukapanda nao kwa miguu kilima kilicho nyuma ya shule. Hatukuwa tumepanda hata siku moja, ijapokuwa tumefundisha hapo miaka tisa. Juu tulimkuta bibi akipalilia maharagwe, tukamwuliza jina la kilima. Akatuambia jina, na kwa nini kinaitwa hivyo, na ni nani waliokufa hapo. Watoto walisikiliza vizuri kuliko siku zote. Tuliteremka jioni, na kila mtoto alikuwa na jambo la kumwuliza babu yake nyumbani.